Twajua la kufanya, mbona hatulifanyi?

Naomba leo nianze na kisa cha mzee mmoja, mkulima wa mahindi wa upande wa Moiben, aliyeletwa kwangu asubuhi moja ya mwezi wa Mei akiwa ameshikiliwa na wanawe wawili. Mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia ulining'inia kama si wake. Nilipompima, shinikizo la damu lilikuwa 210 kwa 120. Hicho kilikuwa kiharusi, na papo hapo nikamwandikia barua akapelekwa hospitali kubwa.

Kiharusi si kitu kigeni kwa daktari wa Eldoret. Kilichoniuma ni kwamba mzee huyu nilimfahamu. Mwezi wa Novemba uliotangulia alikuwa ameketi katika kiti kile kile, ametoka kuuza magunia yake, ana pesa mfukoni na ana muda wa kunisikiliza. Nilimpima, nikamweleza ugonjwa wake, nikampa dawa za mwezi mmoja na kumwonya asizikatize. Kila neno aliliitikia.

Aliporudi kwangu majuma kadhaa baada ya kiharusi, sasa akisema kwa taabu kidogo, nilimwuliza kwa upole kama aliyakumbuka tuliyozungumza Novemba. Akanirudishia somo lote bila kukosea: kwamba presha haina dalili, kwamba tembe humezwa kila siku hata mtu akijisikia mzima, kwamba chumvi ipunguzwe. Kisha akaongeza: "Lakini daktari, Januari ilikuja karo, Machi ikaja mbolea. Nami nilikuwa najisikia vizuri. Nikasema nitanunua mwezi ujao."

Basi nikajiuliza, ni kitu gani ambacho mtu huyu hakukijua? Hakuna. Somo langu lilikuwa limeingia lote, na halikumsaidia hata kidogo.

Kwa miaka mingi nimeamini, kama walivyoamini walimu wangu, kwamba kazi ya daktari katika kukinga maradhi ni kuelimisha. Watu wakikosa kufuata, tunaongeza mabango ukutani. Wakikosa tena, tunapandisha sauti, na mwishowe tunawaita wakaidi. Maoni yangu ni kwamba tumeshika njia isiyofika. Wengi wanaougua maradhi ya kuzuilika katika jiji hili na vitongoji vyake walijua la kufanya. Tena si wote waliokosa pesa, maana mzee wangu alikuwa nazo Novemba. Walichokosa ni kuombwa watende siku ile walipokuwa na nia na uwezo pamoja, na kurahisishiwa njia siku hiyo.

Leo ina sauti kubwa kuliko kesho

Kuna elimu ambayo wataalamu huiita uchumi wa tabia. Jina lisikutishe, msomaji. Wanauchumi wa zamani walimchora binadamu kama mwenye duka makini aliyekaa na mizani yake: anapima faida, anapima hasara, kisha anachagua lililo bora, leo na kesho na mwaka ujao. Halafu wakatokea watu waliouliza swali la kitoto: huyo mtu anaishi wapi? Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyefariki mwaka 2024, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 kwa kazi aliyoianza na mwenzake Amos Tversky, ya kuchunguza jinsi watu wanavyoamua hasa, si jinsi wanavyopaswa kuamua. Mwaka 2017 tuzo hiyo ilimwendea Richard Thaler wa Chuo Kikuu cha Chicago kwa kazi ya mkondo huo huo.

Waliyoyagundua bibi zetu waliyajua, ila hawakuyapima. Shilingi ya leo hutuvuta kuliko shilingi nyingi za kesho. Kupoteza huuma kuliko kupata kunavyofurahisha. Kikwazo kidogo mno, kama foleni au fomu moja ya kujaza, huweza kuzuia jambo kubwa. Na aghalabu tunafuata njia iliyokwisha kuwekwa mbele yetu kuliko kuichagua yetu.

Sasa mtazame mzee wangu kwa jicho hilo. Gharama ya tembe iko leo, inaonekana, inatoka mfukoni. Faida yake ni jambo ambalo halitatokea. Hakuna mtu aliyewahi kuamka asubuhi akashukuru kwa kiharusi kisichompata. Karo, kwa upande mwingine, ina tarehe, ina mwalimu mkuu, na ina mtoto atakayerudishwa nyumbani. Katika mashindano kama hayo tembe zitashindwa kila mara, hata mgonjwa awe profesa.

Au awe daktari. Niliwahi kulipia mwaka mzima katika jumba la mazoezi hapa mjini, nikaenda mara sita. Na kuna baya zaidi: marehemu baba yangu alikuwa na kisukari, kwa hiyo najua fika kwamba nami ni wa kupimwa kila mwaka. Mashine ya kupima sukari iko mezani pangu, karibu na kalamu. Huu ni mwaka wa tatu sijaitumia kwa kidole changu mwenyewe. Usiniambie sina elimu.

Somo kutoka Busia

Wengi hudhani mambo haya ni ya vyuo vya Ulaya na Marekani. La hasha. Baadhi ya majaribio yanayosomwa zaidi duniani katika uwanja huu yalifanyika Busia, safari ya saa chache tu kwa matatu kutoka hapa. Mmoja wa waliohusika, Michael Kremer, aliwahi kufundisha shule Kakamega akiwa kijana. Mwaka 2019 yeye pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo walipewa Nobel ya uchumi kwa kazi yao ya kupima, kwa majaribio ya nyanjani, ni nini hasa kinachopunguza umaskini.

Jaribio lililonigusa zaidi halikuhusu dawa, lilihusu mbolea. Wakulima wa mahindi wa Busia walijua kwamba mbolea inalipa, na walipoulizwa kama wangeitumia msimu uliofuata, takriban wote walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliofanya hivyo walikuwa zaidi kidogo ya theluthi tu. Je, walikuwa waongo? Hapana. Walikuwa wamesema kweli siku walipoulizwa. Lakini kati ya mavuno na kupanda kuna miezi kadhaa, na katika miezi hiyo kuna matanga, kuna harusi, kuna mtoto wa shemeji, kuna bati lililovuja. Pesa za mbolea huondoka kidogo kidogo bila mtu kuamua kuziondoa.

Basi Duflo, Kremer na Jonathan Robinson wakajaribu jambo dogo. Afisa alimfikia mkulima mara tu baada ya mavuno, mahindi yakiwa yamegeuka pesa, akamuuzia hati ya mbolea kwa bei ya kawaida ya dukani. Mbolea yenyewe ingeletwa nyumbani bure wakati wa kupanda. Matumizi ya mbolea yakaongezeka kwa asilimia 47 hadi 70. Wakulima wengine waliahidiwa kuletewa mbolea bure vivyo hivyo, lakini wakaulizwa baadaye, msimu wa kupanda ulipokaribia. Hapo haikusaidia kitu. Ili kupata matokeo kama yale kwa kuchelewa, ilibidi bei ipunguzwe kwa nusu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na kwangu mimi yanasema waziwazi kwamba swali lile lile, kwa mtu yule yule, linaweza kupata jibu tofauti kwa sababu ya tarehe tu.

Mkulima wa Uasin Gishu asome hapo mara mbili. Sisi tuna msimu mmoja mkubwa. Mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, pesa huingia, Januari shule hufunguliwa, Machi mbolea na mbegu, na kuanzia Mei hadi mavuno mapya mifuko huwa mitupu. Katika zahanati yangu wagonjwa wa presha na kisukari huja wakiwa na hali mbaya kwa kufuata kalenda hiyo hiyo. Nilidhani ni hali ya hewa!

Tena si mfuko tu unaopungua. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima hao walipimwa akili kabla ya mavuno, wakiwa na madeni, na wakapimwa tena baada ya mavuno, pesa zikiwa zimeingia. Watu wale wale walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili yao haikupungua, ila ilikuwa imejaa: nani anadai, nini kiuzwe, nani akopwe. Mimi nami nimekuwa nikimpa mtu wa namna hiyo, katikati ya Juni, somo la dakika 10 kuhusu chumvi na mafuta, kisha nikishangaa anatazama dirishani.

Sanduku lenye kufuli

Jaribio jingine liliongozwa na Pascaline Dupas na Robinson huyo huyo, pia Magharibi mwa Kenya, miongoni mwa watu waliokuwa katika vyama vya kuchangiana kwa zamu. Sihitaji kumweleza mama yeyote wa Eldoret chama ni nini. Baadhi ya wanachama walipewa sanduku la chuma lenye tundu la kutumbukizia pesa, kufuli na ufunguo wao wenyewe, wakaambiwa pesa za humo ni za afya: chandarua, dawa ya maji, kumpima mtoto. Basi. Hawakupewa pesa wala riba. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wametumia takriban theluthi mbili zaidi ya wenzao katika mambo ya kinga. Vyama vilivyoanzisha mfuko wa pili wa afya ndani ya mzunguko wao, kila mmoja akitoa kidogo, vilifanya vizuri zaidi: matumizi ya kinga yaliongezeka zaidi ya maradufu.

Sanduku lilifanya nini ambacho chupa chini ya kitanda haiwezi? Kwanza, pesa zilipata jina. Shilingi 200 zisizo na jina ni za yeyote atakayekuja kuomba. Pili, na hili nalipenda sana, sanduku lilimpa mtu jibu la heshima. Shemeji akija kuomba, humwambii "sitaki kukupa". Unamwambia pesa zilizobaki ni za matibabu. Katika jamii zetu, ambamo kumnyima ndugu ni aibu, kisingizio cha kweli ni dawa kubwa.

Kulikuwa na sanduku la aina nyingine, ambalo ufunguo wake ulikaa kwa afisa wa mradi hadi mwenyewe afikishe kiasi alichojiwekea. Ungetarajia hilo lifanye vizuri zaidi. Halikuongeza matumizi ya kinga. Watu waliogopa kufungia pesa ambazo huenda wangezihitaji usiku mtoto akishikwa na homa. Walikuwa na haki. Kwa hiyo tusirukie kusema watu wafungwe mikono. Wafungwe kidogo tu, kwa kamba wanayoweza kuifungua.

Nitataja mengine kwa haraka. Katika kliniki 20 za akina mama wajawazito Magharibi mwa Kenya, Jessica Cohen na Dupas walionyesha kwamba bei ya chandarua ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, waliokichukua walipungua kwa asilimia 60 nzima, na wala waliopewa bure hawakukitumia vibaya kuliko walionunua. Shilingi 40! Mwaka 2006 Kenya ilikuwa imekwisha kugawa bure vyandarua milioni 3.4 kwa ajili ya watoto wadogo, na nafurahi haikuwasikiliza waliosema kwamba Mwafrika hathamini cha bure. Katika matatu nako, James Habyarimana na William Jack walibandika vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha ovyo. Madai ya bima kwa magari yaliyokuwa na vibandiko yalipungua kwa nusu au zaidi, na katika jaribio kubwa lililofuata yalipungua kwa robo hadi theluthi. Abiria walijua siku zote kwamba mwendo ule ni hatari. Kibandiko kiliwapa ruhusa ya kusema. Sisi tunaosafiri barabara ya Nakuru kuja Eldoret tunajua thamani ya ruhusa hiyo.

"Mambo?"

Turudi kwa tembe, maana hapo ndipo wagonjwa wangu wanapoanguka. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa watu 538 waliokuwa wakianza dawa za Ukimwi. Nusu yao walitumiwa ujumbe mfupi wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" kabla ya saa 48 kupita, na aliyesema shida alipigiwa simu na mhudumu. Waliotumiwa ujumbe, 62 kati ya kila 100 walimeza dawa zao ipasavyo. Wasiotumiwa walikuwa 50.

Katika kliniki ya Chulaimbo, karibu na Kisumu, wakati huo ikiwa moja ya zile zilizohudumiwa na mpango wa AMPATH ulioanzia hapa hapa Eldoret kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Indiana University, walijaribu ujumbe wa kila wiki na wa kila siku. Wa kila wiki ulisaidia. Wa kila siku haukusaidia. Nadhani kila mwenye mke au mume anaelewa kwa nini.

Nalitaja hili kwa sababu wagonjwa wa Ukimwi wamefikiriwa hivi kwa miaka zaidi ya 20, nasi wa presha na kisukari tumeachwa na mabango. Tangu mwaka 2016 miongozo ya Wizara ya Afya imeruhusu mgonjwa wa Ukimwi aliye imara apewe dawa za miezi mitatu kwa mara moja, asirudi foleni kila mwezi. Wengi wa wagonjwa wa presha wanaokuja kwangu walikuwa wakipewa za mwezi mmoja. Mimi mwenyewe nilimpa mzee wa Moiben za mwezi mmoja, mwezi wa Novemba, akiwa na pesa za kununua za miezi sita. Hilo ndilo kosa langu, na sikuliona hadi nilipoanza kusoma habari za mbolea.

Watu wa AMPATH wamejaribu pia kukutanisha wagonjwa wa presha na kisukari katika vikundi vya vijijini, ambapo mtu anapimwa, anapata dawa, na papo hapo anaweka akiba na kukopa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha shinikizo lilishuka zaidi kwa waliounganishiwa matibabu na akiba katika kikundi kuliko kwa waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Sishangai. Nenda Iten alfajiri utazame wanariadha. Huko hakuna anayeketi kitandani akijadiliana na nafsi yake kama leo akimbie au asikimbie. Wenzake wako barabarani wanamngoja kwenye baridi. Uamuzi ulikwisha kufanywa, tena na watu wengi.

Mchango wa SHA

Sasa nifike kwenye jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya wakubwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF ilipisha mpango mpya wa SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kabla pesa hazijamfikia mkononi. Hajaulizwa leo, hataulizwa kesho, na ndiyo maana hulipa mwaka mzima bila kukosa. Asiye na mshahara, yaani mama mboga, fundi, mwendesha bodaboda, mkulima, hukadiriwa mapato, na mchango wa chini kabisa uliwekwa kuwa shilingi 300 kwa mwezi. Lakini mpango ulipoanza alitakiwa azilipe za mwaka mzima kwa pamoja, ambazo ni shilingi 3,600 kwa uchache.

Tumpime huyu wa pili kwa yale tuliyoyasema. Alipe leo, kwa mkupuo, kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda usije, wakati wowote utakaopatikana, kwa kujikumbusha mwenyewe. Mtu akitaka kubuni mpango ambao watu wenye nia njema watashindwa kuutimiza, asingebuni bora kuliko huo. Mwaka 2025 serikali ilileta utaratibu wa Lipa SHA Pole Pole ili mtu apate mkopo wa mchango wake na kuulipa kidogo kidogo. Ni hatua, naikubali. Hata hivyo nasema tarehe ni muhimu kuliko mkopo. Mkulima wa mahindi aulizwe siku anapolipwa mahindi yake. Mkulima wa majani chai wa Nandi aulizwe siku ya bonasi, wa maziwa aulizwe na chama chake cha ushirika siku ya malipo ya mwezi. Atie sahihi mapema, kwa hiari, na awe na haki ya kujitoa akitaka. Tukifanya hivyo, sidhani tutahitaji kuwahubiria watu sana kuhusu umuhimu wa bima.

Kuna wenzetu ambao wamekwisha kuielewa elimu hii zamani, nao si madaktari. Ukiishiwa na muda wa simu usiku wa manane, utakopeshwa kwa kubonyeza vitufe vichache. Tangu mwaka 2019 Fuliza imekuwa ikikujazia pesa zilizopungua hapo hapo unapolipa. Vijana wa bodaboda huweka dau la mpira wakiwa wamekaa juu ya pikipiki, wakingoja abiria. Kukopa na kubeti kumesafishiwa njia hadi hakuna hata jiwe. Lakini kupima presha, jambo la dakika tatu, kuna lango, kuna mlinzi, kuna daftari, kuna benchi, kuna "rudi kesho mashine imeharibika". Kisha tunashangaa kijana ana programu tano za kamari kwenye simu na hajui presha yake.

Sisemi elimu hii itatibu kila kitu. Haiweki dawa katika rafu tupu wala haimlipi muuguzi aliyegoma. Mtu asiye na shilingi kabisa hahitaji sanduku, anahitaji shilingi. Wataalamu wake nao si malaika: mwaka 2021 utafiti mmoja uliokuwa maarufu, wa kuhusu uaminifu wa watu wanapojaza fomu, uliondolewa katika jarida baada ya kugundulika kwamba takwimu zake hazikuwa za kweli. Tena matokeo mengi ni madogo. Katika kampuni moja ya Marekani wafanyakazi walioombwa waandike tarehe na saa watakayokwenda kuchanjwa homa ya mafua waliongezeka kutoka 33 hadi 37 kati ya kila 100. Wanne tu. Lakini wanne hao walipatikana kwa gharama ya kalamu.

Kalamu hiyo nimeanza kuitumia. Mgonjwa wa presha akitoka kwangu siku hizi simwambii "ukumbuke kumeza dawa". Namwuliza ni kitu gani anachokifanya kila siku bila kukosa. Wengi husema chai. Basi tembe zikae kando ya kopo la majani ya chai, si kabatini, isipokuwa kama kuna watoto wadogo, hapo lazima ziwe juu wasikofika. Namwuliza pesa zake huingia mwezi gani, na dawa za miezi mingi azinunue mwezi huo. Kama yuko katika chama, namsihi apeleke kwao hoja ya mfuko wa afya, hata wa shilingi 50 kwa mkutano. Nawe msomaji, kama kuna kipimo unachokiahirisha, usiweke nia ya kwenda "hivi karibuni". Andika siku, andika saa, umwambie mtu ambaye hataona haya kukuuliza.

Mzee wa Moiben alikuja tena mwishoni mwa Novemba, baada ya kuuza mahindi. Alikuja na mkewe, ambaye ndiye sasa mwenye kopo la chai. Presha ilikuwa 138 kwa 84. Alinunua dawa za miezi mitano, akazihesabu mwenyewe juu ya meza polepole, maana mkono wa kulia haujarudi sawasawa. Nilikuwa nimefurahi, nikajikuta nawasimulia habari za makala haya, na za kidole changu ambacho hakijapimwa sukari mwaka wa tatu. Mama akacheka. Mzee hakucheka. Akaniuliza nitapima lini.

"Jumatatu, mzee," nikamwambia.

"Mashine si hiyo hapo mezani?" akauliza, akaisogeza kwangu kwa mkono wake wa kushoto.